Shule Imfaayo Mtoto Aliyechelewa Kusema

Wiki hii neno moja limenikaa kifuani na limekataa kutoka. Lilitamkwa katika ofisi ya shule moja ya binafsi isiyo mbali na hapa Skuta, mjini Nyeri, ambako jirani yangu alikuwa amempeleka mwanawe wa miaka minne ili aandikishwe kwa masomo ya Januari, nami nikafuatana nao kwa kuombwa. Mwalimu alimwinamia mtoto, akamwuliza jina lake kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Mtoto akatazama sakafu. Akaonyeshwa picha ya ng'ombe, akaigusa kwa kidole, asiseme kitu. Punde mama yake akamwambia kwa Kikuyu aende mlangoni alete sweta iliyokuwa juu ya kiti, naye akaenda mara moja, akaichukua, akaikunja mikono kwa uangalifu, akamwekea mama yake mapajani. Hilo halikuandikwa katika fomu. Mwalimu alifunga faili, akasema kwa upole, "Mama, mrudishe mwakani, akishajua kuzungumza. Na huko nyumbani acheni Kikuyu, mwongee naye Kiingereza tu."

Sina lawama juu ya sauti ya mwalimu yule, maana ilikuwa ya staha. Ninayoipinga ni hukumu yake. Mtoto anayesikia agizo lenye sehemu mbili, akalifahamu, akalitimiza bila kusukumwa, amekwisha kutoa dalili iliyo dhahiri ya akili, na aliyemhesabu kuwa hana kitu kwa sababu ulimi wake umechelewa amesahau kwamba wahenga walituonya kuwa kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kufahamu lugha ni jambo moja na kuitamka ni jambo jingine, na mtoto aweza kuchelewa katika moja, au katika yote mawili, kwa sababu mbalimbali: masikio yaliyojaa maji baada ya maradhi, usonji, au aghalabu sababu isiyojulikana hata kwa matabibu. Kadhia kama hii haiamuliwi kwa picha ya ng'ombe na dakika chache za mahojiano.

Na ule ushauri wa kuacha Kikuyu ndio uliniuma zaidi. Watoto wa mji huu husikia Kikuyu kwa cucu, yaani nyanya yao, Kiswahili kituoni na sokoni, na Kiingereza darasani, na wataalamu wa lugha ya watoto wamekubaliana kwamba wingi wa lugha hausababishi maradhi ya kuchelewa kusema. Lakini tuseme mama ametii. Cucu, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto mchana kutwa, anayemwimbia akimenya viazi na kumtajia kila kuku uani, hajui Kiingereza. Basi atanyamaza, au atasema maneno mawili matatu ya kuokota, na mtoto aliyehitaji kusikia maneno mengi kuliko wenziwe atabaki kusikia machache kuliko wote. Huko ni kumnyima dawa mgonjwa kwa jina la tiba.

Najua atakayenijibu: "Wewe huna darasa la watoto arobaini. Mwalimu mmoja atamhudumiaje huyu asiyesema bila kuwadhulumu wanaosema?" Hoja hiyo ina uzito, na mwenye insafu haipuuzi. Lakini tuangalie anachohitaji mtoto huyu: mwalimu achutame hadi macho yao yakutane, atumie sentensi fupi, angoje jibu bila kulimalizia yeye, aikubali ishara ya kidole huku akiipa jina lake, na abandike ukutani picha za ratiba ya siku. Ni lipi kati ya hayo linalomdhulumu mtoto mwingine? Yote huwafaa hata wale hodari wa kusema. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, imekuwa ikifundisha walimu tangu mwaka 1986, na elimu ya chekechea iko mikononi mwa serikali za kaunti. Basi uhaba wa ujuzi ni deni la kudaiwa kaunti na wenye shule, si adhabu ya kumtwisha mtoto.

Wako pia wazazi wenzangu wasemao, "Atasema tu, hata babake alichelewa." Ni kweli kwamba baadhi hufikia wenzao bila msaada, lakini hakuna ajuaye kwa kumtazama mtoto usoni kama yeye ni miongoni mwao, ilhali kumpima hakumdhuru. Tuanze na masikio. Mtoto asiyesikia anayo shule ya heshima hapa kwetu, Tumutumu, ambako lugha ya ishara itamfungulia dunia. Lakini anayesikia na kuchelewa kusema haja yake ni nyingine, wala si haki kumpeleka kokote kunakopatikana nafasi. Wataalamu wa matamshi ni wachache na wengi wako Nairobi, kilomita 150 hivi kutoka hapa. Lakini vituo vya tathmini vya EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, viliwekwa ili mzazi wa mashambani apate ushauri wa mahali pa kumsomesha mwanawe.

Mtaniuliza, basi, shule imfaayo ni ipi? Msitazame basi la manjano wala orodha ya alama zilizobandikwa langoni. Ulizeni: mtoto wangu akinyoosha kidole badala ya kusema, mwalimu atafanya nini? Wenziwe wakimcheka, nani atasimama? Mtanieleza kila muhula anafahamu nini, au mtanihesabia asichokisema tu? Shule yenye majibu mema, hata kama kuta zake ni za mabati, mpeni mtoto bila tashwishi. Na ile itakayowaambia mumrudishe akishajua kuzungumza, ikumbusheni kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kinachokataza kumbagua mtoto katika uandikishaji kwa sababu ya ulemavu au lugha; na ikishikilia msimamo wake, nendeni moja kwa moja ofisi ya elimu mkadai nafasi yake, kwa maana mtoto hujifunza kusema kwa kuwa miongoni mwa wasemao, na mwaka mmoja wa kungoja nje ya darasa hakuna atakayeweza kumrudishia.