Nasaha kwa Wanaosali Simu Ikiwa Mkononi

Wapendwa wa jumuiya, hasa ninyi vijana mliopata kipaimara juzi, na ninyi baba zao mnaowaiga mkidhani hamwonekani: mnapofumba macho kusali, simu hamuifumbi. Inawaka kiganjani, na dole gumba linatembea. Najua jibu lenu, Biblia imo humo humo na nyimbo mmezipakua humo. Haya. Lakini tangu lini mtu akafungua Zaburi akatokezea kwenye matokeo ya Simba na Yanga? Nimemsikia mmoja akiitikia "Amina!" katikati ya kuombea wagonjwa, na Amina ile ilikuwa ya bao.

Ungeitwa kwa mkuu wa wilaya, simu ungeizima kabla mlinzi hajakwambia. Mshika mbili moja humponyoka, na inayoponyoka kila siku ni sala.

Kwa hiyo nunua Biblia ya karatasi. Simu iache chumba kingine, wala usinidanganye kwamba umeizima sauti. Ikitetemeka mfukoni, roho yako yote inashuka mfukoni. Mwenye mgonjwa hospitalini akae na yake karibu, awaambie wenzake sababu, na hakuna atakayemlaumu.

Lakini tusiisingizie simu kila kitu. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha namna ya kuomba. Humo anamtaja padri aliyekuwa akisali huku akiuliza kama farasi wamefunguliwa na kumwagiza kijakazi akakamue ng'ombe. Mji wao wa Wittenberg siku zile haukuwa na simu hata moja, na mawazo yalitoroka vilevile. Kisha Luther akamrudisha kinyozi kwenye kazi yake mwenyewe: mwenye wembe mkononi akipiga soga na kuangaza huku na huku, atamkata mtu pua, au hata koo. Ikiwa nywele zinataka macho na akili yote, sala je?

Dawa aliyompa haikuwa kukaza uso. Alimwambia achukue Amri moja, kisha ajiulize mambo manne: hapa ninafundishwa nini, nishukuru kwa lipi, nitubu lipi, niombe nini. Baba Yetu nayo aiombe ombi kwa ombi, na Imani ya Mitume kipengele kwa kipengele. Tena akamwonya asijitwike yote kwa siku moja. Sehemu moja ikimshika, akae hapo hapo. Wapendwa, vitu hivi tunavyo. Tulivikariri katika Katekisimo Ndogo, tukavisema mbele ya mchungaji magoti yakigongana, kisha tukaviacha vilale. Akili isiyopewa kazi hujitafutia yake, na mara nyingi huishia sokoni. Ipe Amri ya Saba, Usiibe, asubuhi, hasa kama una duka.

Wazo likikujia hata hivyo, usigombane nalo. Ukianza kujilaumu, umeongeza wazo la pili juu ya la kwanza. Ni ada ya shule ya Januari? Itaje kwa jina: "Bwana, ada ya mtoto," kisha urudi pale ulipoishia. Ukitoroka tena, rudi tena. Huko kurudi nako ni kusali.

Mama mwenye kichanga mgongoni na sufuria jikoni, makaripio yangu ya juu hayakuhusu. Baba Yetu moja huku ukisonga ugali ni sala kamili, na mzee yeyote atakayekukemea kwa kilio cha mtoto, mlete kwangu. Baba wa mtoto huyo pia ana mikono miwili.

Wengine wetu hatuna udhuru huo: kuomba ukiwa umejifunika blanketi ni kusinzia kwa heshima.

Sasa nije kwenu mnaoongoza sala, maana mnatulaumu kwa kutosikiliza na nusu ya kosa ni yenu. Mnaanza kwa wagonjwa, mnapita kwenye matangazo ya harambee, mnamweleza Mungu tarehe ya kikao, halafu mnamsema jirani ambaye hajatimiza ahadi yake, bila kumtaja, wakati sote tunamjua na yeye mwenyewe amekaa hapo. Kufikia hapo nani bado anaomba? Augustino, askofu wa Hippo, alimwandikia mjane mmoja aitwaye Proba kwamba watawa wa Misri waliomba mara nyingi kwa maneno machache, ili usikivu wao usichakae kwa kurefushwa. Walikuwa watawa, watu walioacha kila kitu, na bado walijua kipimo. Ninyi mnatusimamisha baada ya siku nzima shambani, mnadhani tuna nguvu kuliko wao?

Matangazo yana nafasi yake. Mwenye deni afuatwe nyumbani.

Na mhazini, sadaka ihesabiwe baada ya baraka. Tunasikia sarafu.