Subira ni Pamoja na Kumaliza Dozi



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, nawaandikia kutoka nyumbani Jinja, ambako niko likizoni. Wengi wenu huko Mbale mmeniona nikiswali juu ya kiti katika safu ya mwisho. Ijumaa moja nilimsikia ndugu akimnong'oneza mwenziwe kwamba vijana wa leo tumekuwa wavivu hata wa kurukuu. Siku ile nilinyamaza. Leo namjibu, si kwa ugomvi, bali kwa kuusiana, yeye na mimi.

Ninaishi na ugonjwa wa bruselosi, ambao wengi hapa Uganda huuita brusela. Ni bakteria wanaotoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na humpata mtu kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumhudumia mnyama anayezaa au aliyetupa mimba. Homa huja, ikaondoka, ikarudi. Usiku shuka zinaloa jasho, mgongo na viungo vinauma, na mwili unachoka kama umelima kutwa. Kwa kuwa unafanana na malaria na taifodi, nilitibiwa zote mbili mara kadhaa, mpaka daktari mmoja aliponiuliza: wewe hunywa maziwa yasiyochemshwa? Nikakumbuka likizo kwa mjomba huko Kamuli, na kikombe kilichokuwa bado na joto la kiwele.

Nikapewa vidonge vya wiki sita, doksisaiklini na rifampisini. Wiki ya pili tumbo likachafuka na moyo ukalegea. Ndipo akanijia mtu baada ya swala ya Isha, akaniambia kuwa hili ni jini, na kwamba vidonge vya hospitali vinazuia kisomo kisifanye kazi. Akaniuzia chupa tatu za asali na habbat sauda kwa shilingi 150,000. Zilikuwa pesa za karo, ambazo mama alizipata kwa kuuza mukene sokoni. Nikaacha vidonge.

Siku kumi nikajiona mzima. Nikamsifu yule mtu kila mahali, na ndugu wawili wakanunua kwake kwa ushuhuda wangu. Mmoja wao ana ugonjwa wa sukari. Aliacha dawa zake kwa neno langu, na wiki mbili baadaye tukamkuta amelazwa wodini. Alhamdulillahi, alitoka salama, na amenisamehe. Mimi bado namwomba Allah anisamehe.

Homa yangu nayo ikarudi, safari hii na mgongo usioinama. Kumbe brusela una tabia ya kupumzika kisha kuamka, na mimi nilikuwa nimeyaita mapumziko yake kupona. Nikaanza matibabu upya, marefu kuliko ya kwanza.

Ndugu zangu, tuitazame Sunna. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, na Mtume (s.a.w.) akaenda kumzuru. Akaweka mkono wake kifuani mwa Saad, hata Saad akahisi ubaridi wake moyoni. Je, kuna mkono wenye baraka kuliko ule? Lakini hakuishia hapo. Alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa sababu alikuwa mtu anayejua utabibu, na akaagiza tende saba za ajwa zipondwe kwa ajili yake. Mkono wa Mtume, tabibu na tende, vyote vimo katika ziara moja. Yule aliyeniambia nichague kimoja niache kingine, alilitoa wapi?

Sisemi asali haina kitu. Qur'ani yenyewe, katika Surat an-Nahl, imetaja kuwa ndani yake mna shifa kwa watu. Asali ninaila, na kisomo ninajisomea kila asubuhi na jioni. Ninachosema ni kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa yake, na pia ametuonya kuwa anayejitia kutibu watu bila kujulikana kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara. Onyo hilo linamfika muuzaji, na linatufika sisi tunaompigia debe. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Waislamu wakiwemo, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Bei ilikuwa ndogo, lakini wapo wagonjwa waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao kwa kuwa jirani alisema amepona. Ushuhuda ni amana, ndugu zangu.

Nabii Ayyub (a.s.) alimlilia Mola wake kwa dhara lililompata, na hakuitwa mtu asiye na subira. Alipojibiwa, aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuoga na kunywa. Allah angeweza kumponya bila maji, lakini alimwamrisha yeye, mgonjwa, atikise mguu. Mimi mguu wangu ni kidonge cha saa mbili usiku.

Basi nakuusieni. Chemsheni maziwa, hata ya mjomba. Ukipewa dozi, imalize hata ukijiona mzima. Ukitumia mululuza au habbat sauda, mwambie daktari wako. Anayekukataza hospitali, muulize amejifunza wapi utabibu, na nani atamlaumu mambo yakiharibika. Na ukimwona mwenzio amekaa kwenye kiti katika safu ya mwisho, usimpime imani yake kwa mgongo wake. Muulize hali, kisha umwombee.

Ewe Mola, Mponyaji, waponye wagonjwa wetu, uwape subira wauguzi wao, na utusamehe tuliyoyasema bila elimu. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.