Kumtazama Ndugu si Kumpeleleza

Alhamdulillahi. Ama baada ya hayo, tumeulizwa suala hili: Muislamu akiona kwa nduguye alama za ulevi, je, kumkabili ni nasaha, au ni katika tajassus iliyokatazwa katika Suratul-Hujurat?

Jueni, ndugu zangu, ya kuwa kupeleleza ni kuvunja mlango wa siri uliofungwa. Ama dalili iliyokuja yenyewe machoni pako, hiyo si siri tena, bali ni amana.

Twatoa mfano wa Sumbawanga, juu katika uwanda wa Ufipa. Pombe ya ulezi ni ada ya kale ya nchi hiyo, na baridi ya Juni na Julai ni kali. Mtu wa pwani huenda huko kwa biashara, akaanza kunywa kwa udhuru wa baridi. Udhuru huu ni batili hata kwa matabibu: pombe huipeleka damu kwenye ngozi, mnywaji akahisi joto, kumbe mwili wazidi kupoteza joto lake.

Kisha zatokea alama. Kiasi kilichomtosha jana hakimtoshi leo. Aficha chupa. Mikono yamtetemeka asubuhi mpaka anywe. Aapa kuacha, kisha arejea. Mtaji wapungua, na masurufu ya watoto hayafiki. Na Suratul-Maida imekwisha kutaja mbili zilizo kubwa: uadui baina ya watu, na kuzuiliwa na sala. Umwonapo aliyekuwa safu ya mbele haonekani tena Alfajiri, naye agombana na kila mtu, usiseme, "Hayanihusu."

Walakini alama moja si hukumu. Mkono hutetemeka kwa homa pia, na mtaji hupungua kwa hasara. Basi mwendee faraghani, umuulize kwa upole, wala usimtangaze sokoni. Kumsitiri ni kuwaficha watu aibu yake, si kumwachia maradhi yake.

Akikiri, usidhani ya kuwa amri peke yake yatosha. Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba tarehe 1 Machi 2017, na walevi hawakwisha. Wala usimfungie chumbani: aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatizwa ghafula, huweza kuanguka kama mwenye kifafa na kuweweseka, hata akafa. Afikishwe hospitali, ili toba yake isaidiwe na dawa.

Basi tumche Mwenyezi Mungu katika ndugu zetu: tusiwavunjie milango, wala tusiwaache waungue ndani kwa kuona haya kupiga hodi. Wallahu a'lam.