Kumwombea Mtawala

Kibenga ni mtaa wa kusini mwa jiji la Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika. Katika mtaa huo, kila Jumatano jioni, watu wapatao kumi na watano tumezoea kukutana katika sebule ya mzee mmoja wa kanisa kwa ajili ya sala. Twaomba kwa Kirundi na kuimba kwa Kirundi na Kiswahili, na aliyesoma sana hutia Kifaransa humo humo.

Jumatano ya tarehe 29 Aprili 2015 tulikutana kama kawaida, ingawa jiji halikuwa la kawaida. Siku nne kabla, chama tawala kilikuwa kimemteua Rais Pierre Nkurunziza agombee kipindi cha tatu, na vijana wa Musaga na Nyakabiga walikuwa barabarani. Mzee wetu akasema tuwaombee wakuu wa nchi. Hilo si jambo geni, kwani Paulo alimwagiza Timotheo vivyo hivyo. Mzee akamwomba Mungu amthibitishe Rais katika kiti chake na awarudishe nyumbani wafanya ghasia. Alipomaliza, mama mmoja mwuza dagaa akapokea. Yeye alimwomba Mungu amkumbushe Rais Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, ulioweka kikomo cha vipindi viwili, na amwondoe kitini kwa amani kabla damu haijamwagika. Wote wawili waliomba kwa jina la Yesu. Sisi wengine tuliitika Amina mara mbili.

Amina zile mbili zimenisumbua tangu hapo. Je, yawezekanaje imani moja na Kitabu kimoja vizae maombi mawili yanayopingana? Na sisi tulioitikia yote mawili, tulikuwa watu wa amani au watu wasiosikia wanachokiitikia?

Lipo jibu rahisi, nalo ni kwamba mmoja kati ya wale wawili ni mnafiki. Lipo na jingine lipendwalo na wasomi, kwamba imani haina lake katika mambo haya, na kwamba kila mtu hufuata kabila lake na tumbo lake kisha hutafuta aya ya kulifunikia. Hapana shaka msomaji ameshaanza kujiuliza wale wawili ni wa kabila gani. Sitataja. Nikitaja, ataacha kufikiri hapo hapo.

Nawafahamu wote wawili kwa miaka mingi. Mzee ni mtoto wa uamsho. Wazazi wake waliguswa na uamsho ule ulioanza Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia kwetu kwa njia ya misheni za Kianglikana zilizofunguliwa Buhiga na Matana mwaka 1935. Walokole walifundishana kuungama hadharani na kusameheana, na wengi wao waliiona siasa kuwa ni mambo ya dunia, kitu cha kupitia mbali. Lakini uamsho peke yake haukumfanya mzee awe alivyo. Aliuona mwaka 1993. Aliona jinsi Rais Melchior Ndadaye alivyouawa tarehe 21 Oktoba, na jinsi nchi nzima ilivyotumbukia shimoni nyuma yake. Kwa hiyo akisoma Warumi sura ya 13, juu ya kuitii mamlaka, hasomi sifa za mtawala. Anasoma habari za ua uliojengwa ukingoni mwa shimo, ambao atakayeung'oa tutaanguka sote.

Mama yule alilelewa katika Kanisa la Marafiki huko Kibimba, misheni iliyoanzishwa mwaka 1934 na watu wanaofundisha kwamba Mkristo hashiki silaha. Naye alikuwa na mwaka wake wa 1993, na mwaka wake ni ule ule. Kibimba hapo hapo wanafunzi walichomwa moto, na waumini walikuwapo. Alichojifunza ni kwamba ukimya wa watu wa Mungu nao unaua. Kwa hiyo yeye hufungua Kitabu mahali pengine: kwa Nathani akimkabili Daudi, na kwa mitume wakiliambia baraza kwamba wataanza kumtii Mungu.

Basi shimo ni moja. Mmoja analiogopa kwa sababu aliona kiti kikipinduliwa, mwingine kwa sababu aliona midomo ikifungwa. Imani haikuwapa hofu hiyo. Imani iliwapa maneno ya kuisema mbele za Mungu, na kila mmoja aliyapata kweli, hakuyaiba.

Si kwetu tu. Nchini Kenya, Rais Moi alikuwa muumini wa Kanisa la AIC asiyekosa ibada ya Jumapili, na ni maaskofu wa Kianglikana, kina Okullu, Gitari na Muge, walioukemea uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin kuyalalamikia mauaji. Naye alikuwa mlokole, mtoto wa uamsho ule ule unaomfundisha mzee wangu kunyamaza.

Majirani zetu Wakatoliki mwaka ule walijua maaskofu wao wamesema nini: walikipinga kipindi cha tatu, na mwezi Mei wakawaondoa mapadri katika tume za uchaguzi. Mkatoliki aliweza kukubali au kukaidi, lakini alikuwa na neno la kukaidi. Sisi kila mmoja ana Kitabu mkononi, wala hapana wa kutuamua. Mimi siioni hali hiyo kuwa aibu. Aibu naiona penginepo. Rais mwenyewe alikuwa mlokole. Alihubiri, aliongoza sala za siku kadhaa, hata timu yake ya kandanda iliitwa Haleluya. Jaribio la kumpindua la tarehe 13 Mei liliposhindwa, ndugu mmoja alisimama katikati yetu akasema Mungu amemwonyesha kuwa mjadala umekwisha. Hapo ndipo nilipokasirika. Mzee hakuwahi kusema hivyo, wala mama. Wao walitaja aya, walitaja yaliyotokea, na mwenzao aliweza kupima na kujibu. Yule ndugu alimnyang'anya kila mmoja wetu Kitabu chake, akabaki nacho peke yake.

Walimu wenzangu mtaniwia radhi nikirudi darasani kidogo. Tunawafundisha wanafunzi kauli ya kutendea, na mfano mzuri ni kitenzi "kusemea". Kumsemea mtu ni kusema kwa niaba yake. Lakini mtoto akimsemea mwenzake kwa mwalimu, amemshtaki. Kiambishi ni kile kile. Nadhani "kumwombea" mtawala nako kuna pande hizo mbili, na kwamba Paulo hakutwambia tuchague upande gani. Mzee alikuwa akimtetea Rais mbele za Mungu, na mama akimshtaki. Wote walikuwa wakimwombea.

Mwezi Juni mwana wa yule mama alikimbilia Tanzania, akafika kambi ya Nyarugusu. Baadaye nilipata kujua kwamba nauli yake ilitoka mfukoni mwa mzee. Nilimwuliza inakuwaje, naye kijana ni miongoni mwa wale "wafanya ghasia" wa sala yake. Akanijibu kwa ukali kidogo kwamba hajasoma popote mamlaka imemkataza kutoa nauli.

Rais Nkurunziza alipofariki tarehe 8 Juni 2020, tulikutana tena Jumatano ile. Mzee hakuweza kuomba. Alikaa ameinamisha kichwa. Aliyeomba ni mama. Aliwaombea mjane na watoto, kwa kirefu, kisha akataja nchi kwa maneno machache. Siku hiyo tuliitika Amina moja.