Ladha Inapobadilika: Bia au Mnywaji?

Mpenzi wa bia anaposema kwamba ladha yake imebadilika, huenda ana maana moja kati ya mbili. Huenda bia ina ladha ile ile ya siku zote, ila haimpendezi tena. Au huenda mapenzi yake yako pale pale, ila kinywa hakiipokei bia kama zamani. Mwanafalsafa Mmarekani Daniel Dennett alilichambua swali hili katika makala ya mwaka 1988, akabuni waonjaji wawili wa kahawa, Chase na Sanborn, ambao wote wameichoka kahawa ya kampuni iliyowaajiri. Chase anadai ladha ni ile ile, ila yeye amekuwa mchaguzi. Sanborn anadai yeye ni yule yule, ila ladha imemgeuka. Nani ataamua, ikiwa shahidi ni kumbukumbu, nayo kumbukumbu imo kichwani mwa mtu yule yule aliyebadilika? Katika makala hiyo hiyo Dennett anaigusa bia. Funda la kwanza huwakunja wengi uso. Mnywaji mzoefu anaweza kushikilia kwamba lau bia ingebaki na ladha ya funda lile, asingeendelea kuinywa.

Viwanda vidogo vya bia vya Marekani vinatoa mfano mzuri wa kulipimia jambo hili. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao bila kulipa kodi ya shirikisho, na baadhi ya waliojifunzia jikoni wakaishia kufungua viwanda. Kiwanda cha Sierra Nevada, kilichoanza mjini Chico, California, mwaka 1980, kilitoa Pale Ale yenye hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, za aina ya Cascade, zinazonukia balungi na msonobari. Uchungu wa bia hupimwa kwa IBU. IBU moja ni takribani miligramu moja ya asidi chungu za hopsi katika lita. Laga nyepesi zilizotawala soko la Marekani zilikuwa karibu na 10. Pale Ale hii ina 38, na wanywaji wa wakati ule waliiona kali. Kisha yakaja mashindano. Mwaka 1994 Vinnie Cilurzo, katika kiwanda cha Blind Pig, alipika bia inayotajwa mara nyingi kuwa IPA (India Pale Ale, bia yenye hopsi nyingi) maradufu ya kwanza ya kibiashara, na kwa miaka mingi uchungu ukawa ndio kipimo cha ushabiki. Baadaye upepo ukageuka. Mashabiki wakahamia bia zenye ukungu za mtindo wa Vermont, laini, zinazonukia maembe na machungwa, na mwaka 2018 chama cha wapika bia wa Marekani kikaziingiza katika mwongozo wake wa mitindo. Pale Ale ya Chico bado inauzwa na IBU zake 38, ila sasa huitwa bia ya kiasi, hata ya kizee.

Kwa hiyo aliyebadilika ni mnywaji. Lakini alibadilika wapi, kwenye ulimi au kwenye mapenzi? Dennett anahitimisha kwamba hakuna ladha yenyewe iliyojificha nyuma ya namna mtu anavyoipokea, na hivyo swali halina jibu. Hitimisho hilo limeenda haraka mno. Waonjaji wana jaribio la glasi tatu: mbili zina bia moja, ya tatu ina nyingine, na mwonjaji huambiwa aitoe iliyo tofauti. Anayeanza hupata uchungu mmoja mzito, basi. Mzoefu hutenganisha balungi, utomvu na kimea. Aliyekuwa akishindwa jaribio hilo na sasa analipita amebadilika katika kuhisi, si katika kupenda tu. Madai ya Sanborn, angalau kwa sehemu, yanapimika. Kisichopimika ni kama uchungu ule wa mwanzo bado upo chini ya yote hayo.

Kuhisi kwa undani, hata hivyo, si sawa na kuhukumu kwa haki. Mwanafalsafa Mskoti David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alisimulia kisa cha jamaa wawili wa Sancho Panza, mhusika wa riwaya ya Don Quixote, walioonja divai: mmoja akasikia ladha ya ngozi, mwingine ya chuma, wakachekwa, hadi pipa lilipomwagwa ukaonekana ufunguo wenye ukanda wa ngozi. Kisa hicho kinathibitisha kwamba walihisi sawasawa. Hakithibitishi kwamba yeyote anawajibika kuipenda au kuichukia divai yenye chuma. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliliona pengo hilo mwaka 1790: anayesema divai ya Canary inapendeza, alisema, aongeze kwamba inampendeza yeye.

Hume alidai pia kwamba mwamuzi mzuri awe ameondoa upendeleo, na hapo ndipo ziara za mashabiki wanaosafiri hadi viwandani kuonja bia zinapoleta utata. Katika kiwanda cha Cantillon mjini Brussels, maji ya kimea hupoozwa usiku kucha kwenye sinia pana la shaba chini ya paa, na vijidudu vya hewani ndivyo vinavyoanza kuichachua bia. Mahali pale ni kiungo. Kwa bia zenye ukungu sababu ya kwenda kiwandani ni nyepesi zaidi lakini ya kweli: harufu ya hopsi hufifia upesi, na bia inayonunuliwa mlangoni mwa kiwanda huwa bado mpya. Abasia ya Sint-Sixtus huko Westvleteren, Ubelgiji, ambako watawa hupika bia, ni jambo tofauti. Mwaka 2005 bia yake iitwayo 12 iliwekwa na washabiki juu ya zote duniani, foleni za magari zikafika getini, na watawa wakakataa kuongeza uzalishaji. Kwa miaka mingi chupa zao hazikuwa na lebo. Maelezo yote yalikuwa kwenye kizibo. Bia hiyo inatunzika vizuri, hivyo safari haiongezi kitu ndani ya chupa. Kwa masharti ya Hume ionjwe kizibo kikiwa kimefichwa, na uamuzi wa namna hiyo ungekuwa halali kuhusu bia. Lakini mgeni aliyeweka miadi na kusafiri hadi getini hakufuata bia peke yake, na kipimo cha Hume hakikutungwa kwa ajili ya hicho kingine alichokifuata.