Kuvuka Ng'ambo kwa Mtu Mmoja

Tufungue Marko 4 kuanzia mstari wa 35, tuendelee hadi 5:21. Soma yote ukiwa nyumbani, hapa nagusia tu.

Jioni Yesu anawaambia wanafunzi wavuke ng'ambo. Usiku dhoruba inawapiga. Wanafika, na anayewapokea ni mtu mmoja anayelala makaburini. Anafunguliwa, nguruwe wapatao 2,000 wanaangamia ziwani, wenyeji wanamsihi Yesu aondoke, naye anapanda mashua kurudi. Mimi nilisomea biashara. Ukipiga hesabu ya safari hiyo, hailipi kabisa. Chombo nusura kizame, mali ya watu imepotea, na aliyefaidika ni mmoja. Nilikuwa nimeihubiri mara nyingi bila kuiona hivyo, mpaka mwezi uliopita.

Nilikuwa Kisumu kwa semina. Siku ya mwisho nikapanda boti pale Dunga, tukavuka Ghuba ya Winam kwenda Kendu Bay. Mimi ni mtoto wa Kayole. Maji mengi niliyozoea ni ya foleni ya mitungi. Mara mbili nahodha alizima injini kutoa gugumaji, na mara zote mbili nilikemea roho ya mauti kimoyomoyo.

Kendu ni mji mdogo, lakini usiudharau. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli zilizunguka ziwa hili, na hapa palikuwa bandari, na maduka ya Wahindi, na msikiti mkongwe. Mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walivuka ghuba hii wakaanzisha misheni kwenye kilima cha Gendia, hapo jirani. Ni ndugu zetu Wasabato. Mambo ya siku ya ibada tutaongea siku nyingine, lakini walivuka. Baadaye barabara ikachukua mizigo. Leo ufuoni ni wavuvi na omena.

Lakini historia sikuwa nimeifuata. Nilimfuata ndugu mmoja ambaye wengi mnamkumbuka, alikuwa anashika mitambo ya sauti. Mkewe alipougua alikopa shilingi 40,000 kwenye mfuko wetu wa ustawi. Kazi ikaisha, akashindwa kulipa, akarudi nyumbani. Nilimpigia simu mara tano. Mara zote tano niliuliza pesa. Sikuuliza hata siku moja mama anaendeleaje. Mwishowe nikapiga mstari juu ya jina lake kitabuni, nikaandika kando, "deni bovu." Huo mwandiko ni wangu, msimlaumu mhazini.

Nilimkuta akigeuza omena juani. Aliponiona aliinuka polepole, akatia mkono mfukoni.

"Pasta, zote sina. Hapa niko na elfu mbili."

Nilikuwa hata sijamsalimia.

Wapendwa, yule mama alizikwa mwaka jana. Kanisa lenye ushirika wa nyumbani karibu kila estate, kuanzia Umoja hadi Dandora, na hakuna aliyejua. Nilimwomba msamaha palepale, akina mama wa omena wakitutazama, na koti langu la semina likinuka samaki. Alinyamaza muda mrefu. Sikujua kama atanisamehe, na sikuwa na haki ya kumharakisha. Kisha akauliza, "Ile spika ya kushoto, bado inakoroma?"

Inakoroma. Mnaijua.

Tuliomba pamoja, nikarudi na boti ya alasiri. Zile elfu mbili sikuzichukua, na deni lenyewe nitalilipa mimi.

Kitabuni kuna majina mengine 11 yenye mstari. Sitayasoma hadharani. Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitasimama mlangoni. Kama kuna mtu ulikuwa unakaa naye kiti kimoja na siku hizi humwoni, na unajua alihamia wapi, njoo uniambie. Nauli ni juu yangu.