Ruhusa ya Msafiri

Imamu Nawawi, ambaye Minhaj yake imesomeshwa katika darsa za pwani yetu tangu enzi za mababu, ana ukurasa katika kitabu chake kingine, Rawdha, ambao mwanachama wa klabu ya jogingi asiusome siku moja kabla ya safari. Anaeleza nani kati ya wasafiri ana ruhusa ya kupunguza sala na nani hana. Anamtaja anayejichosha na kumtesa mnyama wake kwa kumkimbiza bila lengo. Kisha anamnukuu Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1047: kusafiri kwa ajili ya kuona miji na kuitazama tu, hilo si lengo linalokubalika kisheria.

Sisi kazi yetu ni kukimbia, na tulikuwa tunakwenda kuona mji.

Mimi ni mweka hazina wa klabu yetu ya jogingi, Mbagala. Siku za kazi nashona nguo karibu na Rangi Tatu. Alfajiri ya Jumapili niko barabarani na mume wangu na wenzetu, fulana za sare, filimbi na nyimbo za mchakamchaka, tukimaliza ni supu. Waislamu tupo, Wakristo wapo, na michango yote inapita mikononi mwangu: ya misiba, ya harusi, ya wagonjwa. Safari ya Mombasa tuliichangia kidogo kidogo mpaka ikatosha Coaster, hati za safari na kadi za homa ya manjano.

Ustadhi wetu, kijana wa bodaboda mwenye kumbukumbu kali, ndiye aliyeutaja ukurasa ule. Tulikuwa Segera, watu wameshuka kuchimba dawa, adhuhuri imeingia.

“Mama,” akaniuliza, “kwenye daftari umeandika tunakwenda kufanya nini?”

Nikamwambia nimeandika matembezi.

“Basi tusali rakaa nne.”

Mzee wa klabu akamaliza ubishi bila hata kukaa chini. Mombasa kuna wenyeji wanatusubiri, akasema. Tumealikwa, tutakimbia nao, tutakula kwao. Kumzuru mtu ni lengo, na masafa yanayotakiwa, yale ya kilometa themanini na kitu, tumeshayapita zamani. Tukasali mbilimbili, tukakusanya na alasiri, dereva akapiga honi. Kisheria naamini mzee alikuwa sahihi. Lakini mwenye daftari nilikuwa mimi, na nilijua kwamba tulipokaa kupanga safari ile, wenyeji walitajwa mwisho kabisa, baada ya fulana.

Njia nzima mpaka Horohoro nikawa nawaza: Sheikh al-Juwayni alikuwa na ugomvi gani na macho? Qur'ani yenyewe imewahimiza watu watembee katika ardhi watazame. Ila kila nikiikumbuka amri hiyo, naiona imefungamana na jambo: watazame mwisho wa waliotangulia ulikuwaje. Anayetazama hivyo ana shughuli. Na ruhusa ya msafiri, nijuavyo mimi nisiye mwanachuoni, hailipwi kwa kuhesabu kilometa. Ni tahafifu kwa mtu aliyebeba jambo na njia ikamlemea. Asiyebeba kitu apunguziwe nini?

Mombasa walitupokea kwa mahamri na mbaazi, na asubuhi tukakimbia nao kando ya bahari, Mama Ngina. Halafu Fort Jesus. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, Waingereza wakaigeuza jela, na leo ni makumbusho. Kwa saa nzima ya kwanza ilikuwa ukuta wa kupigia picha. Tulipiga mbele ya mizinga, tukapiga mbele ya michoro ya meli ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani, pengine kwa kukumbuka kwao. Laiti tungetoka wakati ule, al-Juwayni angekuwa ametushinda.

Mwongoza wageni ndiye aliyetukalisha kivulini akatusimulia habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani wa Mombasa, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akachukuliwa mpaka Goa, akalelewa na mapadri Waagustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala mji wa baba yake chini ya macho ya kapteni wa ngome. Inasimuliwa kuwa alionekana kwenye kaburi la baba yake akiomba dua kwa namna ya Kiislamu, na habari zikamfikia kapteni. Agosti 1631 Yusuf akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia jina lake na dini yake. Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, wakatakiwa wasilimu. Waliokataa wakauawa.

Niliangalia nyuso za wenzangu. Mwongoza wageni alipofika Goa, sisi Waislamu ndio tuliosikitika. Alipofika 1631, jirani yangu wa kwenye kiti, Mkristo, muuza samaki wa Feri, akainamisha kichwa. Kila mmoja alikuwa amepata shahidi wake wa kurudi naye nyumbani. Lakini kisa ni kimoja na mtu ni mmoja, na hapo ndipo kilipo kitisho chake: katika mji mzima hakuna aliyejua kama Yusuf uchungu wa kulazimishwa dini, naye ndiye aliyewalazimisha wenziwe. Dhuluma aliyotendewa haikumfundisha huruma. Ilimpa kisingizio. Na Kitabu alichokirudia kinakataza kulazimishana katika dini.

Muuza samaki akasema taratibu, bila kumlenga mtu, “Kama Mbagala ile.”

Hakuna aliyeuliza ipi. Oktoba 2012 watoto wawili walibishana mtaani juu ya Qur'ani, mmoja akaikojolea, na ubishi wa watoto ukachukuliwa na watu wazima mpaka makanisa yakachomwa na kuvunjwa. Ndani ya klabu yetu wapo waliojifungia majumbani siku ile, na wapo waliokuwa barabarani. Tumekimbia pamoja, tumezikana, tumechangiana harusi, na jambo lile hatukuwa tumewahi kulitaja hata siku moja. Tulilitaja kwenye Coaster, kuanzia Lunga Lunga kuja huku. Mmoja aliyekuwa barabarani alisema alikuwepo. Hakujitetea, wala muuza samaki hakumfariji.

Mafakihi wana kanuni nyingine ambayo ustadhi hakuifikia pale Segera. Anayezurura bila lengo akilipata njiani, safari yake inahesabiwa kuanzia alipolipata, mradi masafa yaliyobaki yanatosha. Kutoka Mombasa hadi Mbagala yanatosha na kubaki. Kwa hiyo simpingi al-Juwayni. Kwa hesabu yangu, kwenda kwetu kulikuwa matembezi tu, na kurudi ndiko kulikokuwa safari, kwa kuwa wakati wa kurudi tulikuwa na jambo la kufanya. Jambo lenyewe ni dogo na limeshaanza kufanyika. Watoto wakibishana dini karibu na uwanja tunaokutania, aliye karibu anawatafuta wazazi wa pande zote mbili na kuwakalisha pamoja, na hakuna mwanachama anayeruhusiwa kupiga simu kuita watu kabla ya hapo. Kanuni hiyo ilipendekezwa na yule aliyekuwa barabarani.